Yeriko Ni Kule Bugarama

Jumatano ya Majivu, 28 Februari 1979

Katika Kamembe yote, kuanzia sokoni mpaka uwanja wa ndege, hakuna mwanaume mwenye bahati kama mimi. Naandika hivi bila aibu kwa sababu ni kweli. Wengine bahati inawapita mlangoni. Kwangu inaingia, inaketi, inauliza chakula kimeiva lini. Mimi Murhula, mtoto wa Bukavu, fundi wa kuziba mipira ya baiskeli na ya malori, niliyeacha shule mwaka wa nne wa primaire kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha, mimi nimefika Yerusalemu. Kwa miguu hii hii. Tajiri mmoja wa Bukavu alikuwa anaenda kuhiji, mpishi wake akaugua asubuhi ya safari, na nani alikuwa amepiga magoti kando ya gari akijaza upepo? Mimi. "Panda," akasema tajiri. Nikapanda na pampu mkononi.

Na leo bahati imekuja tena. Harelimana, katekista wetu, ameleta baiskeli yake kuzibwa, kisha akaketi kwenye gurudumu la lori na kuvua kofia.

"Papa Murhula, Padre amenipa wakatekumeni arobaini wa kubatizwa Pasaka. Vijana nawaweza. Lakini iko kikundi cha wazee, wameanguka mtihani mara mbili, mara tatu. Sala wanajua. Miji ndiyo inawaua. Wanamzaa Bwana Yeriko, wanamzika Nazareti. Weye ulifika kule. Utanisaidia?"

Nikamwambia nitaangalia kama nina nafasi. Nafasi ninayo tangu mwaka jana.

Ameniachia daftari hii niandikie mahudhurio. Mahudhurio ni kazi ya karani. Nitaandika maisha.

Joséphine, mke wangu, alikuwa anachagua sambaza, dagaa wa ziwani, mlangoni. Aliposikia neno Yerusalemu akakohoa. Mvua za mwezi huu zina baridi.

1 Machi

Nimeacha urwagwa, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya Kwaresima.

2 Machi

Kulikuwa na urwagwa uliobaki kwenye mtungi. Kutupa kinywaji ni dhambi kubwa kuliko kukinywa. Kwaresima yangu inaanza kesho.

Jumamosi, 3 Machi

Darasa la kwanza, kwenye kibaraza cha ghala ya parokia. Wanafunzi sita, na wote sita ukijumlisha meno yao hupati kinywa kizima.

Wawili tu ndio wanaosema. Mmoja ni Bizimana wa Gashonga, mkulima wa ndizi, mrefu, mgomvi, anayejibu kabla hujauliza. Mwingine ni Maman Mukamazimpaka wa Giheke. Huyu ametoka kwake jogoo wa kwanza, kwa mguu, na fimbo. Ameanguka mtihani miaka mitatu mfululizo.

"Mwaka huu nikianguka sirudi tena," akaniambia. "Magoti yamekataa ile milima."

Nikasema kwa utani, Maman, umeishi miaka sabini bila ubatizo, haraka ya nini? Hakucheka. Akasema alikuwa na binti mmoja tu, Véronique, aliyebatizwa akiwa shuleni na kufa kwa homa mwaka uliofuata. "Yeye alienda na jina, mimi niko hapa bila jina. Siku nikifika kule mlangoni, bataniita namna gani? Véronique batamwambia nani amekuja?"

Basi nikaacha utani. Nikachukua chaki nikachora Yerusalemu kwenye ukuta: duara. Nikachora Betlehemu: duara. Yeriko: duara. Nilipogeuka, wanne wamelala, na Bizimana anauliza kwa nini nimechora viazi.

Hapo ndipo akili yangu ilipowaka, na najua ilikotoka, ni bahati ile ile. Mvua ilikuwa imekatika, na kutoka kibarazani tunaona ziwa lote, na chini kule mto unatoka ziwani kwenda mabondeni. Nikasema, "Amkeni! Angalieni. Lile ziwa ni la Galilaya. Ule mto Rusizi ni Yordani. Unatoka ziwani, unashuka, unashuka, unaenda kumwagika kwenye ziwa lingine kule kwenye joto. Hivyo hivyo nilivyoona kwa macho. Na mji ulio juu ya mlima, wenye kelele na wachuuzi na viongozi wa dini, ni upi?"

"Kamembe," wakasema.

"Kamembe ni Yerusalemu. Na ukishuka kutoka Yerusalemu kona kwa kona, mpaka unavua koti, unafika wapi?"

Maman Mukamazimpaka akainua fimbo polepole. "Bugarama," akasema.

"Bugarama ni Yeriko!"

Hakuna aliyelala tena.

Jumanne, 6 Machi

Mvua. Mipira miwili ya baiskeli.

Jumamosi, 10 Machi

Leo tumegawa miji kama watu wanaogawa nyama ya sikukuu. Kafarnaumu ni Cyangugu chini, palipo mitumbwi na maafisa wa ushuru. Mathayo angekaa pale pale kwenye mpaka. Betlehemu ni Mururu. Betania ni Gihundwe, unaenda kusalimia rafiki na kurudi kabla sufuria haijachemka. Emau ni Giheke, kwa sababu umbali ni ule ule, mwendo wa asubuhi moja. Nilipomwambia Maman Mukamazimpaka kwamba kila Jumamosi anatembea njia ya Emau, aliangalia miguu yake yenye matope kama vile ni ya muntu mwingine.

Shida ilikuwa Nazareti.

"Nazareti ni Gashonga," nikasema.

Bizimana akasimama. "Ile ambayo Nathanaeli alisema, kitu chema kinaweza kutoka Nazareti?"

"Ile ile."

"Unatutukana, mwalimu! Gashonga inalisha hii Kamembe yote ndizi!"

"Papa Bizimana, Bwana alilelewa wapi?"

Akafikiri. Akafikiri sana. "Nazareti."

"Alikula ndizi za nani?"

Akaketi. Kisha akasimama tena na kuwatangazia wenzake kwamba wao wa Giheke na Mururu wamwamkie kwa heshima.

Jioni nikamweleza Joséphine kazi yangu nzuri. Yeye kila wiki anavuka mpaka kupeleka maharage kwa dada yake, na Bukavu kwake ni Paris.

"Na Bukavu ni mji gani?" akauliza.

"Ninawi," nikasema. "Mji mkubwa, mwendo wa siku tatu, watu wanapenda anasa, lakini mwishoni walitubu."

Nimelala bila chakula. Kwaresima inaendelea vizuri.

Jumatano, 14 Machi

Hadji Masudi, fundi cherehani wa duka la pembeni yangu, alirudi Makka miaka mitano iliyopita, na tangu wakati ule katika mtaa wetu wa Waswahili hajawahi kujinunulia chai. Kila anapoketi, kikombe kinakuja. Leo amenisogezea nusu ya kikombe chake na kuniuliza:

"Huko Yerusalemu, Murhula, jua linatokea upande gani wa mji?"

Nikamwambia upande wa mashariki.

"Maashallah," akasema, na akarudi kwenye cherehani yake. Huyu mzee ana maswali.

Jumamosi, 17 Machi

Miji yangu imetoka darasani na kuingia barabarani. Asubuhi nimesikia kijana wa lori la Bugarama akiita abiria: "Yeriko! Yeriko! Bado wawili!" Mama mmoja wa sokoni amemwambia mwenzake anashuka Yeriko kuchukua mchele. Wanaokwenda Butare kupitia msitu wa Nyungwe sasa wanasema wanaenda Damasko, na dereva mmoja aliyeteleza mtaroni kule msituni jana ameitwa Sauli siku nzima. Amekuja kwangu na mpira uliopasuka, nikamuuliza, "Sauli, Sauli, mbona unanitesa?" Watu wamecheka mpaka Hadji Masudi amejichoma sindano.

Mimi ninapita katikati yao kama Gavana.

Darasani Maman Mukamazimpaka amesema miji saba bila kukosea. Hasemi kwa kukariri. Anafumba macho anatembea: "Natoka nyumbani Emau, napanda, naona ziwa mkono wa kushoto..." Harelimana amekuja na kusimama mlangoni kusikiliza. Alipoondoka nimemwona anafuta macho. Au ni mvua.

Jumatatu, 19 Machi

Mvua. Joséphine anakohoa kila mtu anaponiita mwalimu wa Yerusalemu. Nimemwambia aende dispensari. Amesema dawa ya kikohozi chake haiko dispensari.

Jumamosi, 24 Machi

Nilitaka kuandika mstari mmoja leo, lakini kalamu inakataa kulala.

Darasa lilikwisha. Wengine waliondoka na mvua nyepesi. Maman Mukamazimpaka alibaki akifunga kitenge kichwani, kisha akasogea karibu kama muntu anayetaka kuuliza dawa.

"Mwalimu, ile kaburi ya Bwana, weye uliingia?"

"Niliingia, Maman." Ningesema nini? Nimeshawaambia juu ya ukuta, juu ya mizeituni, juu ya mkate wa kule ulivyo mgumu.

"Ndani kabisa?"

"Kabisa. Niliinama. Mlango ni mfupi."

"Na ulikuta nini?"

"Tupu, Maman. Hakuna hata kipande cha mfupa."

Akafumba macho. Nilidhani amesinzia. Kisha akasema, taratibu, kama anayeweka mayai kwenye kikapu:

"Harelimana ananiambia tupu. Padre ananiambia tupu. Lakini bao balisoma mu kitabu, na mimi sijui kusoma, nitajuaje kama kitabu kilisema kweli? Miaka tatu mtihani unanishinda si kwa sababu ya miji, mwalimu. Nikifika pale kwa kaburi, roho inasimama. Inasema, nani aliona? Sasa weye umeona. Na macho. Basi Véronique wangu ni mzima."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuondoka na fimbo yake, mwendo wa asubuhi moja mpaka Emau, kwenye mvua. Nilimwangalia mpaka kona. Alikuwa anaimba.

Jumapili, 25 Machi

Mvua.

Jumanne, 27 Machi

Mvua. Nimeziba mpira mmoja mara mbili. Mara ya kwanza niliziba pasipotoboka.

Jumatano, 28 Machi

Hadji Masudi ameninunulia chai, kikombe kizima. Imekuwa chungu. Nimeongeza sukari, bado chungu.

Nikamuuliza, hivi hivi, kama kuna watu wanaosema wamefika Makka na hawakufika. Akasema wapo.

"Na wanafanyiwa nini?"

"Hakuna. Wanaitwa Hadji. Kila mtu anapowaita Hadji, wanafanyiwa."

Jumamosi, 31 Machi

Darasa la mwisho kabla ya mtihani. Wote sita wanajua miji. Bizimana anaijua na ya jirani zake, na amemsahihisha Harelimana mbele ya watu. Maman Mukamazimpaka ameleta kapu la maharage mabichi kwa Joséphine. Amesema Giheke nzima inajua kuna muntu wa Kamembe aliyeingia na kuona.

"Nzima, Maman?"

"Nzima. Hata ng'ambo ya kilima."

Joséphine alipokea kapu. Hakukohoa. Aliniangalia tu, na nikatamani angekohoa.

Jumamosi, 7 Aprili

Mtihani.

Padre wetu ni mzee wa miwani minene, miaka kumi na moja katika parokia hii, haongei sana. Aliketi nyuma ya meza ndogo. Wakatekumeni kwenye mabenchi, jamaa zao nyuma, mimi nimesimama ukutani na koti langu la harusi. Joséphine alikuwa nyuma kabisa na kapu lake la soko.

Vijana walipita haraka. Bizimana alipoulizwa Bwana alilelewa wapi, alijibu, "Kwetu," na ilimchukua Harelimana dakika nzima kumweleza Padre. Kisha akaitwa Mukamazimpaka. Alisimama na fimbo.

"Maman, Bwana wetu alizaliwa wapi?"

"Betlehemu, Padre. Unatoka Yerusalemu, unashuka Mururu, hulali njiani."

Padre akainua kichwa. "Unashuka wapi?"

"Mururu. Ni karibu."

"Na... Yeriko iko wapi?"

"Eh, Yeriko ni kule chini Bugarama, kwenye joto! Unavua koti. Iko mchele, iko maji ya moto yanatoka ndani ya udongo. Njia yake ni kona tu, wezi walimpiga muntu pale, na Msamaria akamupandisha kwa punda, kwa sababu siku ile lori ilikuwa haijapita."

Watu nyuma wakaanza kucheka. Padre hakucheka.

"Na Yordani?"

"Inatoka kwa ziwa, pale daraja la mpaka. Inashuka mpaka ziwa lingine la chini. Bantu ba ng'ambo bananunua kwetu maharage."

Padre akasimama, akatoka. Nikasikia Bizimana akimnong'oneza mwenzake kwamba amekwenda kumwita burgomasta, mkubwa wa serikali. Akarudi na kitabu kikubwa cha ramani. Akakifungua ukurasa mmoja, akaangalia. Akafungua ukurasa mwingine, akaangalia. Akaweka kidole hapa, kidole pale. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na huyu mzee ambaye hatujawahi kuona meno yake alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye kanzu.

"Ziwa juu, mto, bonde la joto, ziwa chini," akasema. "Miaka kumi na moja ninabatiza hapa, sikuwahi kuona!" Akampigia makofi, na kanisa lote likapiga.

Ningetaka mtihani uishie hapo. Lakini Padre alivaa miwani na kuuliza lile swali la mwisho, kwa upole kabisa.

"Na siku ya tatu, Maman, kaburi lilikuwa namna gani?"

"Tupu, Padre." Hakusita hata kidogo.

"Unajuaje?"

"Mwalimu wetu aliingia, akaona."

Vichwa vyote vikageuka. Padre akanitafuta ukutani.

"Murhula. Ulifika Yerusalemu?"

Nilimwangalia Maman Mukamazimpaka. Alikuwa ananitabasamia kama mama ambaye mtoto wake ameitwa kupokea zawadi. Kama ningesema hapana, angeanguka pale pale, mara ya nne, mbele ya Giheke nzima.

"Ndiyo, Padre," nikasema.

Nilisikiliza nyuma kama Joséphine atakohoa. Hakukohoa.

Padre alinitazama muda mrefu, akaandika kitu. "Amepita," akasema. "Wote wamepita."

Walinibeba, jamani. Bizimana na wenzake walinibeba mabegani mpaka sokoni wakiimba. Sijawahi kuwa mzito hivyo.

Jumapili ya Matawi, 8 Aprili

Baada ya misa Maman Mukamazimpaka amenivuta kando. Amechagua jina: Eugénie. Na amechagua parrain wa kumsimamia majini.

"Weye," akasema.

Parrain anasimama mbele ya altare, anaulizwa na Padre, anajibu kwa niaba ya ukweli. Nikasema Maman, tafuta muntu mzito kidogo. Akasema hakuna aliye mzito kuliko aliyeona.

Jumanne, 10 Aprili

Nimefunga duka. Nimekwenda Giheke kwa mguu. Lori lilipita likapunguza mwendo, dereva akaita, "Mwalimu, Emau?" Nikamwambia apite tu. Nilitaka njia iwe ndefu.

Nilimkuta shambani anapalilia maharage. Alifurahi, akataka kukimbia kunitafutia kiti. Nikamwambia asikimbie. Nikamwambia lile jambo lote, nikiwa nimesimama kwenye matope, kofia mkononi. Lenyewe siliandiki hapa. Daftari haina haja ya kujua kila kitu.

Jembe lilisimama. Aliketi juu ya tuta. Mvua ikaanza, tukaisikia inakuja juu ya majani ya ndizi kutoka mbali mpaka ikatufikia.

"Jana nilienda kwa kaburi ya Véronique," akasema mwishoni. "Nikamwambia, iko muntu aliingia, nimemshika mkono. Usiogope kuningojea."

Nililia. Naandika kwa sababu hakuna aliyeniona zaidi yake. Nimeziba mipira ishirini na miwili ya miaka... hapana, nimeziba mipira miaka ishirini na miwili, na nilijua nimetoboa kitu ambacho sina kiraka chake.

Baada ya muda akauliza, "Alors, nani aliingia kweli?"

"Petero, Maman. Yohana alifika wa kwanza kwa mbio, lakini Petero ndiye aliyeingia wa kwanza."

"Petero yule wa jogoo? Aliyesema simjui ule muntu?"

"Huyo huyo."

"Alisema mara ngapi?"

"Mara tatu. Kando ya moto."

"Alhamisi alidanganya, Jumapili akaingia kwa kaburi akakuta tupu." Alikuwa anachora na kidole kwenye udongo, Alhamisi hapa, Jumapili pale. "Mungu hakuwa na muntu mwingine wa kutuma?"

"Inaonekana hakuwa naye, Maman."

Nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka huku maji yanamtiririka usoni, ya mvua na ya macho.

"Basi Mungu anajua kazi! Muongo anayetaka sifa angesema, nilikuta malaika kumi, nilikuta dhahabu. Petero alitoka na kusema nini? Nguo tu. Nguo zimekunjwa. Hakuna muntu anatunga uongo mubaya namna ile." Akapangusa uso. "Weye ungeweka hata simba."

"Ningeweka simba wawili," nikakiri.

"Na weye ulidanganya mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Umemushinda Petero." Akasimama kwa fimbo, akanipa jembe. "Maliza huu mstari. Kisha utaenda kwa Padre. Kisha Jumamosi utasema mbele ya darasa."

"Na parrain? Utatafuta mwingine?"

"Nitamtoa wapi? Pasaka ni Jumapili. Lima."

Nimelima mistari mitatu.

Alhamisi Kuu, 12 Aprili

Nimekwenda kwa Padre. Amesikiliza, ameuliza kwa nini. Nikamweleza habari ya Hadji Masudi na chai yake. Nikasema sisi Wakristo wa mtaa ule hatuna hata mji mmoja wa kutuletea kikombe. Padre aliinamisha uso muda mrefu. Alipouinua ulikuwa mwekundu kwa kujizuia kucheka.

Amenipa adhabu: mwaka ujao nifundishe kikundi cha wazee tena, na nifundishe kwa ramani ile ile ya kwetu. Na Maman amepita, akasema, kwa sababu jana alikuja mwenyewe na fimbo yake akaomba kuhojiwa upya, Petero na nguo zake na yote, na majibu yake sasa ni bora kuliko ya Harelimana.

Jumamosi Kuu, 14 Aprili

Nimewaambia. Watu sita na jamaa zao, na Harelimana, na Joséphine aliyekuja bila kuitwa. Hadji Masudi pia alikuwa anapita, eti, na alisimama kupumzika.

Bizimana akasimama, uso umekunjamana.

"Kwa hiyo Gashonga si Nazareti?"

"Gashonga ni Nazareti, Papa. Hilo halikunitegemea mimi."

"Bon," akasema, akaketi. "Basi hakuna shida."

Hapo wote wakaanza kucheka, na walionicheka zaidi ni wale walionibeba. Tangu leo naitwa Petero. Joséphine amenishika mkono njia nzima mpaka nyumbani, na amesema Ninawi imenisamehe.

Pasaka, 15 Aprili

Jua! Padre amebatiza wazee asubuhi, kwa sababu ya magoti yao. Nilimshika Maman bega la kulia. Maji yalipomwagika alifungua macho yake yote mawili, hakutaka kukosa hata tone. "Eugénie," Padre akasema. Akajibu, "Niko hapa," kwa sauti kubwa, akiangalia juu, wala hakuwa anamjibu Padre.

Jumatatu ya Pasaka, 16 Aprili

Ilikuwa desturi ya Eugénie kutembea ile njia peke yake. Leo tumetembea wote: darasa, Joséphine, Harelimana akisukuma baiskeli, Hadji Masudi na mwavuli ingawa hakuna mvua, na Padre na viatu vyake vya matope. Kutoka Yerusalemu mpaka Emau, mwendo wa asubuhi moja, tukiongea juu ya mambo yote yaliyotokea. Kwake kulikuwa na maharage, ndizi, na bugali kama kilima. Padre alikuwa amechukua mkate, akauvunja, akatugawia mmoja mmoja. Kisha Bizimana akauliza kama ndizi ni za Gashonga.

Kwaresima imekwisha. Urwagwa ulikuwapo.

Baada ya kula, Eugénie akanyoosha mkono. "Ile daftari yako. Nasikia unaandika kila siku. Ukurasa wa kwanza unasema nini?"

Nilimsomea. Angekuwa muntu mwingine ningeruka mistari. Walicheka sana pale pa pampu.

"Umeambia mimi," akasema. "Umeambia Padre, umeambia darasa. Karatasi hujaiambia. Siku moja batoto batasoma. Andika."

Amekaa hapa pembeni yangu, hajui kusoma, lakini anaangalia kalamu.

Sijawahi kufika Yerusalemu. Mbali nilikofika ni Uvira, na kule nililala siku mbili ndani ya lori nikitapika.